Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Aliyetunga methali ya "mchagua jembe si mkulima" nashuku hakuwahi kulima. Ama alikuwa na shamba kubwa na watu wa kumlimia, akachoka kuwasikia wakisema mpini umepasuka. Mkulima ninayemjua mimi ni mamangu, na yeye hununua jembe kama mtu anayeposa. Analigonga kwa jiwe asikie linavyolia. Analipima uzito mkononi. Anaangalia tundu la mpini kama limekaa sawa, halimridhishi, anamrudishia mwenye duka na kuvuka barabara kwenda duka la pili. Anajua jembe bovu litauvunja mgongo wake, si wa muuzaji. Anayepokea jembe lolote bila swali ni yule ambaye shamba si lake, mavuno si yake, na mgongo wake hauko kwa hesabu ya mtu.

Na bado ni mama huyo huyo aliyenipigia simu wiki jana akanitupia methali hiyo hiyo, nzima nzima, kama jiwe.

Sababu ni kwamba nimepewa kazi na bado sijasaini. Ni kampuni ya kukodisha magari hapa Nairobi. Jina nitaliacha, maana hoja yangu ni pana kuliko ofisi moja iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Cheo chenyewe kinaitwa "ofisa wa makabidhiano". Kwa lugha ya mtaa, wewe ndiye unampa mteja ufunguo. Unapiga picha kitambulisho na leseni yake, mnazunguka gari pamoja mkihesabu mikwaruzo, unaandika mafuta yako kiwango gani, unahakikisha pesa za amana zimeingia kwa M-Pesa ya kampuni, unamtakia safari njema. Ndege ikitua JKIA saa nane usiku, unampelekea mteja gari huko huko. Akichelewa kulirudisha, unampigia hadi ashike. Kukiwa hakuna mteja, unaosha magari. Mshahara ni shilingi 17,000 kwa mwezi "pamoja na kila kitu", kisha kamisheni kuanzia gari la 11.

Kuosha magari si shida kwangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na tangu hapo sijachagua sana. Nimebeba viti vya harusi. Nimeandika maelezo ya viatu kwa duka la mtandaoni. Nimewaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zilizopata alama ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kuziona darasani. Soko hilo la insha lilianza kukauka ChatGPT ilipokuja mwishoni mwa 2022, na wengi wetu tuliolitegemea tukabaki kuuliza makala moja inalipwa ngapi na, swali kubwa zaidi, inalipwa lini. Kwa hivyo asije mtu akasema najiskia. Shilingi 17,000 zinazoingia kila mwezi, tarehe inayojulikana, ni kitu ambacho sijawahi kuwa nacho. Mwenye nyumba wangu angefurahi kunizidi.

Kinachonizuia ni kifungu cha 7 cha barua yao. Kinasema, kwa maana yake, kwamba ofisa aliyekabidhi gari atawajibika yeye binafsi kwa upotevu au uharibifu wowote wa gari hilo hadi litakaporejeshwa.

Rudia kukisoma polepole. Hakisemi ofisa aliyezembea. Hakisemi ofisa aliyekula njama na wezi. Kinasema ofisa aliyekabidhi. Yaani kosa langu litakuwa kufanya kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Kama hujawahi kukaa karibu na biashara hii, ngoja nikueleze gari hupotea vipi. Anakuja mtu amevaa vizuri, anaongea polepole, anataka Fielder siku tatu kwa sababu kuna harusi Nyeri. Analipa bila kubishana bei. Siku ya kwanza kifaa cha kufuatilia gari kinaonyesha liko Thika. Siku ya pili bado liko Thika, pale pale, halijasonga hata mita, kwa sababu kifaa kiling'olewa na kutupwa mtaroni. Gari lenyewe liko njiani kwenda Namanga au Busia, au lishabadilishwa nambari, au limewekwa rehani kwa mkopeshaji fulani pamoja na logibuku bandia. Simu ya mteja imezimwa. Kitambulisho kumbe ni cha mtu aliyekipoteza kwa matatu miezi mingi iliyopita. Wote walio ndani ya biashara hii wanaijua hadithi hiyo, ndiyo maana magari mengine huwekwa vifaa viwili, kimoja cha kuonekana na kingine cha kufichwa.

Sasa polisi wakija, nani wa kwanza kuitwa kurekodi taarifa? Yule ambaye sahihi yake iko kwa fomu. Si ofisa wa mauzo aliyempata mteja Instagram, si bosi aliyesema tusimpoteze, si fundi aliyekiweka kile kifaa mahali ambapo mwizi yeyote angeanza kutafuta. Ni kijana wa ufunguo. Wahenga hawakukosea hapa: kamba hukatikia pabovu.

Hesabu ni rahisi hata kwa sisi tuliotoroka hesabu. Chukua gari la shilingi milioni moja, bei ambayo kwa soko la Nairobi haikupi gari la ajabu. Nikilipa mshahara wangu wote, shilingi 17,000 kila mwezi, bila kula, bila nauli, bila kodi ya nyumba, nitamaliza deni baada ya miezi 59. Karibu miaka mitano nikifanya kazi ya bure kwa sababu mtu mmoja mwongo aliniambia anaenda harusini.

Nilimuuliza meneja kuhusu kifungu hicho. Ni mama wa makamo, mpole, alinikaribisha na chai, na sina neno baya juu yake.

"Hicho ni cha kutisha tu, kijana wangu," akaniambia. "Hatujawahi kukitumia."

"Basi si tukitoe, Madam?"

Akacheka kidogo. "Barua ni moja kwa wote. Siwezi kuibadilisha juu yako." Kisha, bila ukali wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Na unajua kuna wengine kumi na wawili wanangojea nafasi hiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile methali ya mamangu ina kazi ofisini pia.

Ngoja tufuate hasara yenyewe, tuone inatoka wapi hadi inifikie. Katika kampuni nyingi ndogo za kukodisha magari, magari si ya kampuni. Ni ya mwalimu, ni ya nesi, ni ya Mkenya aliye Marekani aliyetuma pesa akanunuliwa Vitz ili imletee kitu kila mwezi. Wanaliweka gari kwa kampuni, kampuni inalikodisha, wanagawana. Gari likipotea, mwenye gari anaigeukia kampuni. Kampuni inageukia bima. Kampuni ya bima inafungua faili na kuuliza: gari lilikatiwa bima ya aina gani? Kama lilikatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu, na lilipopotea lilikuwa limekodishwa kwa malipo, bima ina kila sababu ya kufunga faili. Hapo hasara inabaki barabarani ikitafuta pa kulala. Milango ya juu yote imefungwa. Unabaki mlango wa kijana wa ufunguo, ambao hauna hata komeo, kwa sababu alisaini kifungu cha 7 akiwa amesimama.

Tazama alichopata kila mmoja. Mwenye gari alipata mgao wake. Kampuni ilipata sehemu yake bila kununua gari. Aliyekata bima nafuu aliokoa pesa. Mimi nilipata shilingi 17,000 na nikawa bima ya wote hao. Kama mimi ndiye bima, basi nilipwe kama bima. Mwambie wakala yeyote pale mjini akukatie kinga ya gari la milioni moja, tena linaloendeshwa na mtu tofauti kila siku tatu, uone atakutajia kiasi gani. Hapa mimi naitoa bure, na juu yake naosha magari.

Kuna watakaosema, lakini sheria ipo. Ni kweli ipo, na ni nzuri kuliko wengi wetu tunavyojua. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea, lakini kiasi cha haki, na pale tu ambapo mfanyakazi alikusudia kutotimiza wajibu wake. Makato yote kwa pamoja hayawezi kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Sehemu ya 42 inaweka kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kikiongezwa, kiongezwe kwa ridhaa yako na kisizidi miezi sita mingine. Barua yangu inasema majaribio yataendelea "hadi kampuni itakaporidhika". Sehemu ya 27 inakupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Barua yangu inasema "itakapowezekana". Na huo mshahara wa "pamoja na kila kitu": Novemba 2024, kima cha chini cha kibarua wa kawaida hapa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ongeza posho ya nyumba ya asilimia 15, unapita 18,500. Karani na dereva wana viwango vya juu zaidi ya hapo, na mimi ninatakiwa kuwa vyote viwili, na mwosha magari.

Ila sehemu ninayoipenda zaidi ni ya 3, ambapo sheria inasema masharti yake ni ya chini kabisa, na makubaliano yoyote ya kuyapunguza ni batili. Hata ukisaini. Hata ukisaini ukitabasamu.

Basi rafiki yangu mmoja, ambaye alisoma sheria hadi akamaliza, akaniambia: "Saini tu, buda. Kama hicho kifungu ni batili, kitakufanya nini?" Ni hoja ya mtu mwenye wakili. Batili ni neno linaloanza kufanya kazi mbele ya hakimu. Kabla ya hapo kuna usiku wa kwanza kituoni, kuna mshahara uliozuiliwa mwezi huo na mwezi ujao, kuna simu kwa mamangu kwamba mwanawe ameiba gari. Kifungu cha 7 hakihitaji kushinda kesi. Kinahitaji tu niwe na hofu ya kutosha nisiulize kamisheni yangu imeenda wapi. Madam alisema kweli: ni cha kutisha tu. Alichosahau ni kwamba kutisha ndiyo kazi yake, na kazi hiyo kinaifanya kila siku hata kama hakuna gari lililopotea.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na sitaikwepa. Kampuni hizi nazo huumia. Gari moja likipotea, biashara ndogo inaweza kufungwa, na wafanyakazi wote waende nyumbani. Kuna maofisa ambao kweli hushirikiana na wezi, na mwenye kampuni hana njia ya kumjua mwaminifu kwa kumtazama usoni. Nakubali yote hayo. Lakini dawa zake zinajulikana. Kata bima inayolingana na kazi ya gari. Weka watu wawili wa kuidhinisha kila makabidhiano. Kataa mteja asiye na mdhamini. Ongeza amana. Ofisa akishirikiana na wezi, mshtaki, na mimi nitakuja kutoa ushahidi. Kila mojawapo ya dawa hizo inagharimu pesa au inafukuza wateja wachache. Kifungu cha 7 hakigharimu chochote, na hiyo ndiyo sifa yake pekee.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma, kwa sababu husemwa na watu wanaotupenda. Kwamba kukataa kazi ni anasa. Kwamba kuna mtu Pipeline ameamka saa kumi leo kutembea hadi Industrial Area kusimama nje ya geti, na mimi hapa nachambua vifungu. Mjomba wangu alinikumbusha kwamba yeye alianza kwa kufagia. Najua, Mjomba, na ninakuheshimu. Lakini nikikuuliza, katika miaka ile ya ufagio, ufagio ukivunjika nani alinunua mwingine? Ungeambiwa jengo likiungua utalilipa, ungefagia?

Na huyo mtu wa geti la Industrial Area, tunamtaja sana bila kumuuliza. Anatumiwa kama kiboko. Anapochapwa yeye anaambiwa kuna mwingine nyuma yake, na huyo wa nyuma anaambiwa hivyo hivyo, foleni nzima hadi mwisho wa barabara. Umaskini wake haunidai nisaini chochote. Ukweli ni kwamba kila anayesaini kifungu kama hicho anamshushia bei yeye, maana kesho ataambiwa: mbona wenzako walikubali?

Tumeimbiwa sana wimbo wa heshima ya kazi. Kwenye kampeni za 2022 toroli likawa nembo ya chama, na tukaambiwa anayelisukuma asidharauliwe. Sawa kabisa, asidharauliwe. Lakini sikumbuki mikutanoni tukiambiwa toroli ni la nani, na gurudumu likivunjika nani analipa. Heshima bila jibu la swali hilo ni makofi tu, na makofi hayalipi kodi ya nyumba.

Na sisi wenyewe, wasomaji wa hapa, tuna jambo la kujibu. Kizazi hiki ndicho kilichosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu. Watu waliukata vipande vipande, wakauweka kwa video za dakika moja, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili nyanya zao waelewe mkate utapanda kwa nini. Rais akakataa kuutia sahihi Juni 26, na kuna vijana waliolipia hilo kwa maisha yao. Kizazi hicho hicho, wiki moja baadaye, kinapewa barua ya kazi ya kurasa mbili, kinafungua ukurasa wa mwisho, kinauliza, "Nasaini wapi?" Tunaijua hatari iliyo Bunge. Ile iliyo kwenye faili ya plastiki, iliyo na jina letu juu, tunaionea aibu kuisoma mbele ya anayetuajiri, tusije tukaonekana wajuaji.

Nami sitaki kukuuzia ndoto ya upande wa pili. Kuna mtindo wa kuandika kwamba mwajiriwa ni mtumwa na anayejitegemea ni mfalme. Mimi ninajitegemea. Ufalme wangu una madeni ya Fuliza na ankara tatu ambazo hazijalipwa, moja yao na watu wanaochapisha makala kuhusu haki za wafanyakazi. Anayejitegemea pia hubebeshwa hasara za wengine: mhariri akiondoka, makala yako inakufa, mteja akifilisika, wewe ndiye hulipwi. Ni kifungu cha 7 kile kile, ila hakijaandikwa. Kwa hivyo simkatai meneja yule kwa sababu nina pahali pazuri pa kwenda. Sina. Kodi ya nyumba ni tarehe tano na leo nina nusu yake.

Uamuzi wangu basi ni huu. Nimemwandikia Madam barua pepe, kwa adabu, kwamba naitaka kazi. Kwamba nitaamka usiku kwenda JKIA, nitaosha magari, na nitaanza kwa mshahara wa chini mradi usipite chini ya ule wa sheria. Nimeomba kifungu cha 7 kisomeke kwamba ofisa atawajibika ikithibitishwa kwamba alikusudia kosa au alishiriki wizi, na kwamba majaribio yawe miezi sita. Kikibadilishwa, Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni. Kisipobadilishwa, sitaenda, na mwezi huu nitakopa tena. Nimempigia mamangu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akauliza gari linagharimu ngapi. Nilipomwambia, akasema, "Ng'o. Hilo jembe halina mpini."

Hadi ninapoandika haya sijajibiwa.

Lakini kuna wale kumi na wawili. Huenda mmoja wenu anasoma hapa. Sitakulaumu ukisaini, sijui una watoto wangapi, sijui nani mgonjwa kwenu. Ninachokuomba ni kidogo. Kabla ya kushika kalamu, muulize Madam swali moja: gari likipotea na mimi sina kosa, nani analipa? Uliza kwa upole, chai ikiwa bado moto. Akiulizwa na mtu mmoja, huyo ni msumbufu na jina lake litapigwa mstari. Akiulizwa na watu kumi na watatu mfululizo, na bado magari yanahitaji mtu wa kuyakabidhi, itabidi asubuhi moja ainue simu na kumuuliza wakala wake wa bima ile kinga nyingine, ile ya magari ya kukodisha, ni pesa ngapi.